Tunaweza Kuzuia, Hatuwezi Kufungua: Burundi na Wakubwa wa Afrika Mashariki

Mfanyabiashara wa Carama anayefuata mali Kampala hapiti Kigali siku hizi. Hutoka Bujumbura akaelekea mashariki hadi Kobero, akavuka kuingia Kabanga upande wa Tanzania, akapita Ngara, kisha akapanda kaskazini kwa Mkoa wa Kagera hadi Mutukula, ndipo aikanyage ardhi ya Uganda. Njia fupi ipo. Mpaka wa Ruhwa, kwa barabara ya Cibitoke, hauko hata kilomita 100 kutoka Carama. Lakini Burundi iliufunga mpaka wake na Rwanda tarehe 11 Januari 2024, ikiituhumu Kigali kuwasaidia waasi wa RED-Tabara, walioua watu 20 huko Vugizo karibu na Gatumba Desemba 2023. Kigali ilikanusha. Burundi, Rwanda, Tanzania na Uganda zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa maandishi zina soko la pamoja tangu 1 Julai 2010.

Gharama ya mzunguko huo hulipwa dukani. Carama, kaskazini mwa jiji na jirani na Kinama, ni mtaa ambao bado unajengwa: ukuta wa matofali usiopigwa lipu, rundo la mchanga mbele ya geti, foleni ya madumu pale maji yanapotoka. Matofali huchomwa hapa hapa nchini, lakini nyumba ikishafika usawa wa lenta, mengi yanayobaki hutoka nje: nondo, mabati, nyaya za umeme, rangi, vigae. Muuza duka akiulizwa kwa nini bei imepanda hutaja mambo mawili, dola na njia. Dola imeadimika, na kwa muda mrefu bei yake mtaani imekuwa zaidi ya mara mbili ya bei ya benki. Njia nayo hutegemea nani anaongea na nani kati ya marais wa ukanda huu. Uchambuzi huu ni wa hilo la pili.

Tumezoea kuusoma mtangamano kama suala la ushuru, viwango vya bidhaa na vizuizi vya barabarani. Mambo hayo ni ya kweli, ila huja nyuma. Kinachotangulia ni uhusiano wa nchi zenye uzito. Katika Jumuiya hii Kenya ina viwanda, mabenki na Mombasa; Tanzania ina Dar es Salaam, Tanga, Kigoma na ardhi inayopakana na karibu kila mtu; Uganda ina mafuta ghafi na jeshi, na rais aliye madarakani tangu 1986; Rwanda ni ndogo kwenye ramani lakini jeshi lake huhesabiwa kila panapopigwa hesabu. Wakielewana hao, mkataba hutembea. Wakinuniana, mkataba hubaki Arusha kwenye kabati. Burundi haimo katika orodha hiyo, na ndiyo maana inafaa kuitazama Jumuiya nzima kutoka huku, mahali ambapo maamuzi ya wengine hufika yakiwa bei.

Jambo hili ni la zamani kuliko uhuru wetu. Reli ya kati, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ilikamilishwa na Wajerumani mwaka 1914, wakati Urundi ilikuwa sehemu ya milki yao ya Afrika Mashariki. Miaka miwili baadaye majeshi ya Wabelgiji yaliingia Usumbura, Bujumbura ya leo. Vita vilipokwisha, Uingereza na Ubelgiji zilikaa mezani: Uingereza ikashika Tanganyika, Ubelgiji ikapewa Ruanda na Urundi. Nchi ikabaki na ziwa, lakini reli na bandari zikawa kwa mwingine. Ufumbuzi ulipatikana mwaka 1921, kwa mkataba uliowapa Wabelgiji maeneo yao wenyewe ndani ya bandari za Kigoma na Dar es Salaam, kwa kukodi milele, kwa faranga moja kwa mwaka. Maeneo hayo yaliitwa Belbase. Kwa miaka arobaini kahawa ya Urundi ilishuka ziwani, ikapanda treni Kigoma na kupakiwa melini Dar es Salaam kwa mpangilio huo.

Kisha, tarehe 30 Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Nyerere aliliambia Bunge kwamba nchi huru haitaitambua ahadi ile ya milele, kwa kuwa Uingereza, iliyokuwa mdhamini tu, haikuwa na haki ya kuitoa. Hoja yake ilikuwa nzito, na wanasheria wa kimataifa bado wanaijadili kwa jina lake. Lakini itazame kutoka upande huu wa ziwa. Njia ya Burundi kufika baharini ilifungwa na kufunguliwa kwa mapatano ya London na Brussels, kisha ikatiwa shaka kwa tamko la Dar es Salaam, na katika meza zote hizo Mrundi hakuwapo. Mizigo iliendelea kupita kwa taratibu nyingine, sawa. Ilipita kwa hisani ya jirani mwema, na hisani haiandikwi popote.

Wakati huo huo upande wa Waingereza ulikuwa ukishonwa pamoja: forodha ya Kenya na Uganda tangu 1917, Tanganyika ikiungwa mwaka 1927, Kamisheni Kuu mwaka 1948, na hatimaye Jumuiya ya kwanza ya mwaka 1967. Kufa kwa Jumuiya ile mwaka 1977 hueleza karibu kila kitu. Nchini Uganda, Amin alimpindua Obote tarehe 25 Januari 1971; Nyerere akakataa kukaa naye meza moja; na kwa kuwa chombo cha juu kilikuwa marais watatu wenyewe, hakikukutana tena. Juu ya hilo Kenya ilikuwa ikivuna zaidi katika biashara, na Tanzania ya Azimio la Arusha haikutaka kuwa soko la viwanda vya Nairobi. Shirika la ndege likasambaratika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya Februari 1977, na mpaka huo ulikaa hivyo hadi 1983.

Kuna kitu kimoja hakikufa, na hakisemwi vya kutosha. Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Kampala, ilivuka balaa lile na kupata hati yake mpya mwaka 1980, wakati Jumuiya iliyoizaa haipo. Ilikuwa na mtaji wake, vitabu vyake na wadeni wake katika nchi zote tatu. Kuivunja kungemgharimu kila mmoja, kuiacha hakukumgharimu yeyote. Nitairudia hoja hii, kwa sababu ndiyo ninayoiamini kuliko nyingine zote.

Burundi nayo ilikuwa na jumuiya yake. Tarehe 20 Septemba 1976 Micombero wa Burundi, Mobutu wa Zaire na Habyarimana wa Rwanda walianzisha CEPGL, Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, makao yake yakiwa Gisenyi. Vita vya miaka ya tisini viliimaliza. Ikafufuliwa mwaka 2007, na tangu hapo jina limebaki zaidi ya mwili. Lakini ilizaa kampuni iitwayo SINELAC, mali ya nchi tatu kwa hisa sawa, na kampuni hiyo inaendesha bwawa la Ruzizi II, kwenye mto uleule unaotoka Ziwa Kivu na kupita kwenye tambarare magharibi ya Carama kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika. Umeme wake ulianza mwaka 1989. Tangu wakati huo pameshuhudiwa mauaji ya kimbari Rwanda, vita vya wenyewe kwa wenyewe Burundi, vita viwili vikubwa vya Kongo, na sasa waasi wa M23 huko Kongo. REGIDESO, shirika la maji na umeme la Burundi, bado inanunua umeme huo. Taa ya Carama hukatika, hilo kila mkazi analijua, lakini mitambo ile mitatu haikugawanywa kwa sababu marais watatu wamekosana.

Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya mpya tarehe 1 Julai 2007, karibu miaka minane baada ya Moi, Mkapa na Museveni kuutia saini mkataba wa Jumuiya huko Arusha. Kwetu lilikuwa jambo la matumaini makubwa, na lilistahili kuwa hivyo. Watu wa hapa walikuwa wameonja upande mwingine wa ujirani: Buyoya alipotwaa madaraka Julai 1996, majirani walikutana Arusha na ndani ya wiki moja wakaiwekea nchi vikwazo, vilivyositishwa Januari 1999. Nia ilikuwa kumlazimisha arudi kwenye mazungumzo, na mazungumzo yale yalizaa Mkataba wa Amani wa Arusha wa Agosti 2000, ambao uliokoa maisha ya watu wengi. Lakini nchi ilijifunza kwamba wenye bandari wakikubaliana kwa kauli moja, petroli yake inaweza kuwa dhahabu kesho yake asubuhi. Kuwa mwanachama kulionekana kama kinga.

Kinga hiyo ilipimwa upesi. Mei 2013, mjini Addis Ababa, Rais Kikwete wa Tanzania alishauri Rwanda izungumze na FDLR, waasi wake walioko Kongo. Kigali ilichukizwa mno. Mwaka huohuo askari wa Tanzania walikuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilicholisaidia jeshi la Kongo kuwashinda M23. Kuanzia Juni, Kenya, Uganda na Rwanda zikaanza kukutana peke yao, Entebbe, Mombasa, Kigali: reli mpya, visa moja ya watalii, kusafiri kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haikualikwa. Burundi nayo ikaachwa nje, na haikuwa imegombana na mtu. Ilikuwa upande usiofaa wa barabara, basi. Kikwete alilazimika kulihutubia Bunge Novemba 2013 kusema kwamba Tanzania haitoki katika Jumuiya.

Miaka mitatu baadaye kila kitu kilipinduka tena. Aprili 2016 Uganda iliamua bomba lake la mafuta lipite Tanzania hadi Tanga, kilomita 1,443, badala ya kwenda Lamu kama Nairobi ilivyotarajia. Muungano wa watatu ulikosa nguvu. Mwaka 2019 Rwanda na Uganda zenyewe zikakosana, na Rwanda ikafunga mpaka wao wa Gatuna hadi Januari 2022. Ukiyafuatilia matukio haya kwa tarehe utaona kwamba hakuna hata moja lililotokana na kifungu cha mkataba wala kuzuiwa nacho.

Huko Ulaya wengi hupenda kutuonyesha Ufaransa na Ujerumani kama mfano: wakubwa wawili walipatana, na bara likafuata. Ni kweli nusu. Azimio la Schuman la mwaka 1950 halikuanza na urafiki. Lilianza kwa kuweka makaa ya mawe na chuma chini ya mamlaka moja ambayo Paris na Bonn zote zilitakiwa kuitii. De Gaulle alipokasirika mwaka 1965 aliacha kiti cha Ufaransa kitupu kwa miezi kadhaa, na kazi za kila siku za Jumuiya ya Ulaya hazikusimama, kwa sababu zilikuwa na watumishi, fedha na mahakama ambavyo havikumngojea rais.

Kwetu kiti kitupu kina nguvu nyingine kabisa. Kwa mkataba wa Jumuiya yetu, Wakuu wa Nchi huamua kwa makubaliano ya wote. Mwaka 2015 Rais Nkurunziza wa Burundi alikuwa Dar es Salaam kwenye kikao cha marais juu ya Burundi wakati jenerali Niyombare alipotangaza kumpindua, tarehe 13 Mei. Jaribio lilishindwa, lakini uhusiano na Rwanda uliharibika, maelfu kwa maelfu walikimbilia kambi za Mahama huko Rwanda, na Nduta na Nyarugusu huko Tanzania, na usuluhishi wa Museveni na Mkapa haukuzaa matunda. Burundi ilitaka mzozo wake na Rwanda ujadiliwe kama mzozo wa nchi mbili wanachama. Haikusikilizwa. Tarehe 30 Novemba 2018 haikupeleka mtu kikaoni Arusha, akidi haikutimia, marais waliokuwa wamefika wakarudi makwao.

Siku ile wengi Bujumbura waliona fahari, nami naielewa. Nchi ndogo ilikuwa imewasimamisha wakubwa. Lakini hesabu ya baada ya fahari ni kali. Kikao kilifanyika Februari iliyofuata, mzozo na Rwanda haukupatiwa dawa, na hakuna mpaka uliofunguka. Utaratibu wa makubaliano ya wote humpa mdogo uwezo wa kuzuia; haumpi uwezo wa kufungua chochote. Viti tisa katika Bunge la Afrika Mashariki, sawa na vya Kenya, navyo havikubadilisha hilo. Na ukweli usemwe: mpaka wa Ruhwa tulioanza nao haukufungwa na wakubwa. Ulifungwa na Bujumbura. Serikali ndogo isiyo na njia nyingine ya kumwadhibu jirani hutumia ile iliyo mikononi mwake, na anayelipa ni muuza maembe wa Cibitoke aliyekuwa na wateja Rusizi, upande wa Rwanda.

Juu ya wakubwa wa ukanda wapo wakubwa wa dunia, na hao mara nyingi huwatenganisha watoto wa nyumba moja bila hata kunuia. Mwaka 2016 Jumuiya iliazimia kuachana na mitumba ili viwanda vyake vya nguo vipate pumzi. Marekani ikatishia kuziondoa nchi hizo katika AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma kwanza, Uganda na Tanzania zikafuata. Rwanda ikasimama na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza nafasi hiyo. Burundi haikuwa na cha kupoteza, ilikwishaondolewa tangu Januari 2016 kwa sababu ya mgogoro wa kisiasa. Azimio la pamoja lilikufa nchi baada ya nchi. Mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya ulienda vivyo hivyo: Kenya na Rwanda zilisaini mwaka 2016, nyingine zikakataa, na mwishowe Kenya ikapata wake peke yake, ulioanza kutumika 1 Julai 2024. Nairobi ilikuwa na maua ya kuuza na haikuwa kwenye kundi la nchi maskini zaidi zenye nafuu ya moja kwa moja. Siwezi kuilaumu. Lakini forodha ya pamoja ambayo mwanachama mmoja ana mlango wake mwenyewe wa Ulaya si ileile tuliyoahidiwa.

Kongo ndiyo mtihani mkubwa kuliko yote. Iliingia mwaka 2022, na kabla wino haujakauka Jumuiya ikapeleka kikosi Kivu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kwa mara kwamba Rwanda inawasaidia M23, Rwanda inakana. Kinshasa ilitaka kikosi kipigane, Jumuiya ilikitaka kisimamie usitishaji wa mapigano, na Desemba 2023 kikafungasha. Wakaja askari wa SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika. Goma ikaanguka Januari 2025, Bukavu Februari. Rais Ruto wa Kenya alipoitisha kikao cha dharura cha Jumuiya mwishoni mwa Januari, Rais Tshisekedi wa Kongo hakuingia. Askari wa Burundi walikuwa wakipigana Kivu Kusini upande wa Kinshasa, kwa hiyo tayari wanachama wa Jumuiya moja walikuwa pande mbili za vita vimoja.

Mazungumzo yakahamia Doha na Washington. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa Kongo na Rwanda walisaini Washington, na 4 Desemba marais wakathibitisha mbele ya Trump, Ndayishimiye, rais wa Burundi, akiwa miongoni mwa wageni. Ndani ya makaratasi yale kuna mpango wa kuunganisha uchumi wa nchi mbili hizo: madini, umeme, barabara. Yaani nchi mbili za Jumuiya zilikwenda ng'ambo ya Atlantiki kupanga mtangamano wao, huku mamlaka yenye kazi hiyo hasa ikiwa na ofisi Arusha. Siku chache baadaye M23 waliingia Uvira, kilomita 25 hivi kutoka Bujumbura. Makumi ya maelfu ya watu walivuka kuja Burundi. Kisha, Marekani ilipobana, M23 wakatangaza kuondoka. Mtu wa Carama ambaye dada yake ameolewa Uvira aliona mpaka wa Gatumba ukifungwa kwa vita na hatima yake ikijadiliwa katika miji ambayo hakuna basi la kwenda huko.

Sasa inakuja reli. Januari 2025 Tanzania na Burundi zilisaini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati, kilomita 282, kwa zaidi ya dola bilioni 2, na wajenzi ni kampuni za Kichina. Musongati kuna nikeli. Hakuna mradi uliowahi kuijia nchi hii wenye uwezo wa kushusha bei ya mabati ya Carama kama huu, na ninautamani ukamilike. Lakini tunajua tayari jinsi njia yetu ya baharini ilivyowahi kuandikwa: kwa hati kubwa ya wakubwa wawili, kisha kwa hisani. Ndiyo maana masharti ya kuiendesha reli yana uzito kuliko sherehe ya jiwe la msingi. Burundi iwe na hisa katika kampuni itakayoendesha treni hadi bandarini, si kipande cha ndani ya mpaka wake pekee. Nauli za mizigo zipangwe na bodi ambamo pande zote zina kura, kama ilivyo SINELAC, na kama ilivyo katika kampuni ya bwawa la Rusumo, ambapo Burundi, Rwanda na Tanzania zinamiliki kwa usawa na kila moja inastahili theluthi ya megawati 80 hata leo ambapo mpaka wa mbili kati yao umefungwa. Na kiwepo kifungu kinachosema wazi kwamba mizigo inayopita haizuiliwi kwa sababu ya ugomvi wa kisiasa, na kwamba anayeizuia analipa fidia inayoamuliwa na mahakama, si na kikao cha marais.

Bujumbura nayo ikubali kubanwa na kifungu hichohicho. Haiwezi kudai Dar es Salaam isiwahi kuifungia njia huku yenyewe ikishikilia haki ya kuifunga Ruhwa siku yoyote inayokasirika. Madai hayo mawili yapelekwe Arusha pamoja, na wajumbe wetu tisa wa Bunge la Afrika Mashariki wana nafasi ya kuyaanzisha kabla mataruma ya kwanza hayajalazwa.